Zadok the Priest ya Handel: mwongozo kamili kwa walimu wa kwaya, kuanzia nota hadi siku ya ibada

Walimu wa kwaya wanaoniandikia kuhusu wimbo huu wana vilio vitatu, na vinafanana kana kwamba wameambizana. Kwaya inaingia kabla ya wakati wake. Zile "Amen" za mbio zinageuka uji. Wakifika kordi ya mwisho, kinanda kiko pale pale kilipoanzia na wao wameshuka nusu toni.

Wengi walidhani kwaya iliyoimudu Haleluya ya Handel itaumudu na huu. Haleluya inakupa vipimo vitatu vya ala, kisha unaingia. Zadok the Priest inakusimamisha vipimo 22 ukiwa umefunga mdomo, halafu inadai sauti yako yote kwa mpigo mmoja, bila ngazi ya kupandia. Kwa niliyoyaona, wimbo huu huharibikia ndani ya vipimo hivyo 22, kabla mtu hajatoa hata noti moja. Ndiyo maana hatua ya saba hapa chini ni ndefu kuliko nyingine. Msiiruke.

Ninaposema "kipimo" nina maana ya nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota. "Pigo" ni lile ambalo mkono wa mwalimu unaonyesha.

## Andaa haya kabla ya zoezi la kwanza

Nota zilizo sahihi. Handel alitunga nyimbo nne kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George II na Malkia Caroline pale Westminster Abbey, London, tarehe 11 Oktoba 1727. Mara nyingi huchapwa katika kitabu kimoja, na nimeona kwaya ikipiga fotokopi ya wimbo mwingine kabisa. Mnaoutaka una namba HWV 258. Hakimiliki yake imekwisha zamani, kwa hiyo mnaupata bure kwenye tovuti za IMSLP na CPDL.

Angalia pale kwaya inapoingia kwa mara ya kwanza. Wimbo wenyewe una mistari saba hapo: soprano mbili, alto mbili, tenor moja, besi mbili. Mkikuta minne, mmepata toleo lililopunguzwa. Kwaya yenye watu chini ya 20 ilichukue hilo hilo bila aibu. Sauti nne zilizojaa ni bora kuliko saba zenye mtu mmoja mmoja anayetetemeka.

Waimbaji waliogawanywa mapema. Kwa kwaya ya watu 32 mimi hugawa hivi: soprano watano na watano, alto wanne na wanne, tenor sita, besi wanne na wanne. Tenor wamepewa watu sita kwa sababu hawagawanyiki. Mstari wao ni mmoja na wanaubeba peke yao katikati ya kelele zote. Mkiwapunguza, kordi inabaki na tundu katikati.

Solfa iliyoandikwa kwa mkono. Kama kwaya yenu inasoma solfa, mwalimu aiandike mwenyewe na asitegemee nakala ya nakala. Do ni D. Mbio za "Amen" zina noti nne ndani ya pigo moja, kwa hiyo zitaandikwa kwa nukta na mikato, mfano :d,r.m,f. Mkato mmoja ukipotea kwenye fotokopi, sauti nzima itakimbia vibaya na hamtajua kosa limetoka wapi. Na mkiona *fe*, imbeni *fe*. Wengi huiona wakaimba *fa* kwa mazoea.

Vitu vidogo: penseli kwa kila mwimbaji, metronomu (kipima mwendo) ya kwenye simu, kinanda chenye kitufe cha kuhamisha ufunguo, na Biblia moja.

Muda. Wiki nane, mazoezi mawili kwa wiki. Kwaya inayosoma nota moja kwa moja inaweza kutumia wiki nne. Kwaya inayojifunza kwa kusikia isijaribu chini ya nane.

## Hatua ya 1: Amueni mtaimba katika ufunguo upi

Uamuzi huu ufanyike siku ya kwanza, kwa sababu kuubadilisha wiki ya sita ni kuwavuruga watu.

Wimbo umeandikwa katika D. Lakini D aliyoisikia Handel haikuwa hii ya vinanda vyetu. Kuna uma wa kupimia sauti wa mwaka 1751 unaohusishwa naye, na A yake ni mitetemo 422.5 kwa sekunde. Ya kinanda chako ni 440. Yaani waimbaji wake waliimba chini kidogo ya sisi, karibu nusu toni. Soprano zenu zikilalamika kwamba wimbo unawakaba, hawadeki.

Hivyo, kama mnaimba na kinanda tu, bonyezeni kitufe cha kuhamisha ufunguo hadi −1 na muuache hapo. Mpiga kinanda anaendelea kusoma D, sauti inatoka D flati.

Kwa kwaya zenye bendi ya tarumbeta, kama zilivyo nyingi za Kilutheri, uamuzi huu una faida ya pili. Tarumbeta zenu ni za B flati. Mkiimba katika D, mpiga tarumbeta lazima asome E meja, shapu nne, na vidole vyake vitajuta. Mkishuka nusu toni, anasoma E flati, flati tatu, ufunguo ambao ameupiga tangu siku aliyoshika ala. Kwa badiliko moja soprano wanapumua na tarumbeta wanapiga safi.

Onyo. Vikundi vingi vinavyotumia ala za kale hupiga A ya 415, ambayo ni nusu toni kamili chini ya kinanda cha leo. Mwimbaji akijifunza nyumbani kwa rekodi ya namna hiyo, kisha mkaimba katika D ya kawaida, atakuja mazoezini akidai kinanda kimeharibika. Waambieni mapema rekodi ipi wasikilize.

## Hatua ya 2: Someni maneno kabla ya noti yoyote

Fungueni 1 Wafalme 1, mstari wa 38 hadi 40, mkasome kwa Kiswahili, kwa sauti. Sadoki kuhani anachukua pembe ya mafuta, anamtia Sulemani mafuta, panda inapigwa, watu wote wanapaza sauti, hata nchi inatikisika. Mwimbaji anayejua kwamba kuna ardhi inayotikisika humu ndani haimbi kwa kunong'ona.

Hapo pia mnaondoa swali ambalo lazima litaulizwa: "Mwalimu, huyu mfalme tunayemwombea ni wa Uingereza?" Anayetiwa mafuta katika maneno haya ni Sulemani. Wimbo umeimbwa katika kila utawazo wa Uingereza tangu 1727, ukiwemo wa Mei 2023, wakati mfalme anapotiwa mafuta. Lakini maneno ni ya Maandiko. Mimi huuweka Sikukuu ya Kristo Mfalme, na sioni mahali pengine unapokaa vizuri hivyo.

Sasa matamshi. Ulimi wetu hupenda kumaliza kila neno kwa irabu, na wimbo huu una maneno yanayokataa.

"Zadok" ni *Zei-dok*. K ifungwe, isiwe *Zeidoki*. "Priest" ni silabi moja: *prist*. Nikisikia *piristi* nasimamisha zoezi. "Nathan" ni *Nei-than*, th ya *thelathini*. "The" ina dh ya *dhahabu*, wasiseme *ze*.

"King" ndiyo ngumu na ndiyo inayorudiwa kuliko zote. Mwisho wake ni ile ng' ya *ng'ombe*, na inaishia hapo hapo puani. Waambie waseme *ng'ombe*, kisha waseme tena waishie kwenye ng' bila kuendelea. Hiyo ndiyo sauti. Watu 32 wakisema *kingi* mara ishirini, ibada nzima itasikia *kingi* na haitasikia kingine.

"Rejoic'd" ni silabi mbili: *ri-joist*. Hakuna *ri-joi-sedi*.

Mmefaulu mkiweza kusoma maneno yote pamoja, kwa mdundo wake, bila noti, na st za "Priest" na "rejoic'd" zikatoka kama mpigo mmoja.

## Hatua ya 3: Anzeni kufundisha kutoka mwisho

Wimbo una sehemu tatu. Ya kwanza ni ule utangulizi wa ala na maneno "Zadok the Priest and Nathan the Prophet anointed Solomon King", mapigo manne kwa kipimo. Ya pili ni "And all the people rejoic'd, and said", mapigo matatu. Ya tatu inarudi mapigo manne: "God save the King, long live the King, may the King live for ever", pamoja na Amen na Alleluia.

Fundisha ya tatu kwanza. Ndiyo ndefu kwa waimbaji, ndiyo ngumu, na ndiyo itakayoimbwa watu wakiwa wamechoka. Ukianza na ya kwanza, kwaya itaijua sana hiyo, na mwisho wataukisia.

Chukueni zile kordi za "God save the King" peke yake. Ingiza sauti moja moja kuanzia chini: besi, kisha tenor, alto, soprano. Kila sauti inayoongezeka ikae juu ya ile iliyopo bila kuifunika. Imbeni polepole, kwa nguvu ya wastani.

Hapa ndipo sauti huanza kushuka, kwa sababu mwimbaji anarudia noti ile ile mara kadhaa, na kila akiirudia anailegeza kidogo. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwaambia waiimbe kila noti ya kurudia kana kwamba iko juu kidogo kuliko iliyotangulia. Haitapanda, ila haitashuka. Anayeimba *mi* katika kordi aangaliwe kuliko wote, maana *mi* ikilegea kordi nzima inanuna.

Kisha zima kinanda. Waimbe mstari mzima bila msaada, mwishoni gusa do.

Mmefaulu do ikiwa bado do. Rudieni kila zoezi hadi itokee mara tatu mfululizo.

## Hatua ya 4: Mbio za "Amen"

Hii ndiyo uji niliousema. Handel amepitisha mbio kutoka sauti moja hadi nyingine, noti nne kwa pigo, huku wengine wakipiga "Amen" fupi fupi za nusu pigo. Besi ndio wanaoanza. Ubaya ni kwamba kila sauti hupenda kusikika, na wale wa "Amen" fupi wanamzika mwenzao anayekimbia.

Anza na wanaokimbia. Weka metronomu mapigo 60. Waimbe kwa solfa, mkazo mdogo kwenye noti ya kwanza ya kila kundi la nne. Wakiipata, badilisha silabi ziwe *no-no-no-no*. Halafu ndipo *a*.

Hapa sisi tuna bahati. *A* ya Kiswahili ni safi na haibadiliki njiani, na *a* ya "Amen" ya wimbo huu ni hiyo hiyo. Shida yetu ni nyingine: ili noti zisikike moja moja, watu huweka *h* katikati, wanaimba *ha-ha-ha-ha* kama wanaocheka. Inasikika vizuri kwa mapigo 60, lakini kwa 90 pumzi inakwisha katikati ya safari. Mwambie kila mmoja aweke kiganja tumboni, juu ya kitovu. Kila noti iguswe na msukumo mdogo pale chini, koo likiwa limetulia.

Pandisha metronomu nne nne: 60, 64, 68. Usipande mpaka kasi iliyopo imekuwa nyepesi. Kwa kwaya zetu, 92 inatosha kabisa kwa siku yenyewe. Rekodi za wataalamu huenda mbio kuliko hapo. Waacheni na mbio zao.

Pumzi: msivute mahali pamoja. Gaweni kila sauti makundi mawili, moja livute pumzi baada ya noti ya kwanza ya kipimo hiki, jingine baada ya noti ya kwanza ya kipimo kinachofuata. Andikeni kwa penseli, kila mtu kwenye nakala yake. Mwaka wetu wa kwanza niliwaambia kwa mdomo tu, na siku ya ibada tenor wote sita walivuta pumzi kwa pamoja. Mbio zilikatika kama kamba.

Sasa wale wa "Amen" fupi. Waimbe kwa nusu ya sauti yao, silabi ya *men* ikatwe upesi. Waweke wamgeukie anayekimbia, wamwangalie usoni. Ni jambo dogo, lakini mtu akimwangalia mwenzake hupunguza sauti yake bila kuambiwa.

Mmefaulu hivi: mpeleke mtu asimame mlangoni mwa kanisa, ageuze mgongo. Kila mbio zikihama, anyooshe kidole kimoja kwa besi, viwili kwa tenor, vitatu kwa alto, vinne kwa soprano. Asipokosea, mko tayari.

## Hatua ya 5: "And all the people rejoic'd"

Sehemu hii inakwenda upesi. Sauti zote zinatamka pamoja, mapigo matatu, na inacheza. Mwendo wa mapigo 108 kwa dakika unafaa.

Mkazo ni pigo la kwanza. La pili na la tatu ziwe nyepesi. Wakiimba yote matatu kwa uzito mmoja, furaha inageuka gwaride. Mimi huwaruhusu watembee papo hapo kwa kuyumba kidogo kulia na kushoto, zoezi moja zima, kisha nawaambia wasimame tuli wabaki wanayumba moyoni. Mdundo unabaki.

## Hatua ya 6: Maneno ya kwanza

Yanachukua vipimo vichache tu, lakini ni sauti saba kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tarumbeta na timpani (zile ngoma kubwa za okestra) zinalia nao. Nguvu yote ya wimbo imewekwa hapa.

Fundisha kila sauti noti yake ya *kwanza* kwa namna ya pekee. Gonga do kwenye kinanda, nyamaza, onyesha kwa kidole sauti yoyote, nao watoe noti yao papo hapo. Fanya hivi mwanzo wa kila zoezi, dakika mbili, hadi iwe kama jina lao.

Alto ya pili ikiwashukia sana akina mama, mpe tenor mmoja awasaidie. Alto wa Handel walikuwa wanaume, kwa hiyo hamjavunja kitu.

Onyo. Wasipige kelele. Sauti kubwa inatoka kwenye irabu iliyofunguliwa, *Zei*, taya likiwa limeshuka. Mwenye kukaza shingo hapa hatakuwa na sauti ya mbio za "Amen" dakika tatu baadaye.

## Hatua ya 7: Vipimo 22 vya kungoja

Sasa tufike penyewe.

Vipimo 22 vya mapigo manne ni mapigo 88. Kwa mwendo wa 66, ninaoupendekeza, ni kama dakika moja na sekunde 20. Vaiolini zinapanda na kushuka juu ya kordi, chini yake mapigo yanarudiwa rudiwa, na sauti inajaa taratibu. Hakuna wimbo wa kushika kichwani. Kordi zinabadilika, na zaidi ya mara moja muziki unafika mahali ambapo mwili wako unasema "sasa", kumbe bado.

Vijana wana kishawishi cha ziada. Wimbo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, wa mwaka 1992, umejengwa juu ya huu wa Handel, na masikio yao yameuzoea kila wiki ya mechi. Kule kwaya haikawii kuingia. Wakisikia vaiolini zinapanda, midomo inafunguka yenyewe. Waambieni wazi: huu ndio mzazi, ule ni mtoto, na mzazi hana haraka.

Fanyeni hivi.

Kwanza, mhesabu bila kuimba. Mpiga kinanda apige utangulizi mzima, kwaya ihesabu kwa kunong'ona: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, hadi ishirini na mbili. Namba ya kipimo inakaa kwenye pigo la kwanza. Zoezi linalofuata, wahesabu kimya kwa vidole. La tatu, bila vidole.

Pili, wawekeeni vituo. Kuhesabu hadi 22 bila kituo kunapoteza watu. Mimi huweka vitatu. Kipimo cha 8, mwalimu anashusha mkono wa kushoto ubavuni. Kipimo cha 16, anauinua hadi kifuani, kiganja wazi. Hapo mafaili ya nota yanapanda. Kipimo cha 20, macho yote kwake. Aliyepotea atajipata kituo kinachofuata.

Tatu, pumzi. Kwenye kipimo cha 22, pigo la tatu na la nne, wote wanavuta pumzi pamoja na mwalimu, polepole, midomo ikiwa tayari na umbo la *ei*. Mwalimu avute pumzi waone mabega yake yametulia na mbavu zimefunguka. Pigo la kwanza la kipimo cha 23: *Zei*.

Msiwasimamishe watu kipimo cha 20. Nimeona kwaya zikifanya hivyo kwa ajili ya mvuto. Mtu akiinuka, pumzi yake inatumika kuinuka. Wawe wamesimama kabla noti ya kwanza haijapigwa.

Nne, mpiga kinanda. Anapaswa kufanya mazoezi peke yake kwa wiki mbili kabla ya kukutana na kwaya. Mkono wa kulia unabeba vaiolini, wa kushoto mapigo ya kurudia, na mkono unachoka. Aanze kwa sauti ya chini sana. Wengi huanza kwa wastani, wakifika kipimo cha 12 hawana mahali pa kupanda. Kanyagio la kuvuta sauti aliguse kidogo, aliachie kila kordi inapobadilika. Akilikandamiza, kordi zinachanganyika na kwaya haisikii zamu yake inavyokaribia.

Mmefaulu mkifanya jaribio hili: mwalimu atoke nje. Mpiga kinanda apige, kwaya iingie yenyewe. Mara ya kwanza nilipolifanya nilisimama chini ya mwembe nikasikia sauti tatu tofauti za *Zei*. Baada ya wiki mbili nilisimama pale pale, ikaja moja. Nilirudi ndani sina la kusema.

## Hatua ya 8: Unganisha viungo

Sehemu tatu zikishajulikana, msiimbe wimbo mzima kwanza. Imbeni viungo viwili tu.

Cha kwanza ni "Solomon King" kuingia "And all the people". Mwendo unabadilika kutoka manne kwenda matatu, na kila mtu huchelewa. Rudieni vipimo vinne vya nyuma na vinne vya mbele, mara kumi.

Cha pili ni "and said" kuingia "God save the King". Watu wamesema nini? Jibu ni neno linalofuata, kwa hiyo moto usizimike hapo. Pumzi ni fupi, macho kwa mwalimu.

Kisha kuna mwisho. Baada ya mbio zote, Alleluia ya mwisho inakuja taratibu, kutoka kordi ya *fa* kutua *do*, kama mnavyoimba "Amina" ya tenzi nyingi. Kasi ishuke hapo hapo. Ukianza kupunguza mapema, msikilizaji anajua kinachokuja, na ule mshituko mzuri wa Handel umepotea.

## Hatua ya 9: Ala na siku yenyewe

Tarumbeta ziletwe mazoezini angalau mara mbili. Handel ameandika tatu, na ziko juu. Mpiga wenu akishindwa noti ya juu, apige ile anayoiweza ndani ya kordi. Wakae pembeni, midomo ya tarumbeta isielekee migongo ya soprano.

Timpani zina noti mbili tu, do na sol. Mkitumia ngoma badala yake, mpigaji afuate mstari wa timpani na kunyamaza pale timpani zinaponyamaza. Ngoma ikipigwa kuanzia utangulizi, kipimo cha 23 hakina tena la kuongeza.

Siku hiyo, mwimbe wimbo mzima mara moja tu asubuhi, kwa nusu sauti. Maji ya uvuguvugu. Wasiimbe mbio za "Amen" nje wakisubiri maandamano, wakimwonyesha fulani wanavyoziweza.

Mtu akiingia mapema, na inaweza kutokea, kinanda kisisimame na mwalimu asimtazame. Aliyeingia atanyamaza mwenyewe. Wengine washike kituo kinachofuata. Mbio zikivurugika, besi wote waende moja kwa moja kwenye "God save the King" inayofuata, kwa nguvu, na wengine wawafuate hapo. Fanyieni mazoezi na hili: mwalimu awavuruge kwa makusudi, kisha mjikusanye. Siku ile ya 1727, Askofu Mkuu wa Canterbury, William Wake, aliandika pembeni mwa utaratibu wa ibada kwamba mmoja wa nyimbo ulivurugika wote. Wale walikuwa waimbaji wa mfalme, na mtunzi mwenyewe alikuwa hai.

Kordi ya mwisho ikikatika, mafaili yabaki juu na macho kwa mwalimu hadi mwangwi uishe ukutani. Mkono wa mwalimu ukishuka, nayo yashuke.